Andiko la Mia la Profesa Fisi

Niwatupie?
Tutupie, tudake!
Nikiwatupia mfupa?
Tutautafuna!
Nikiwatupia uongo?
Tutauomba na mchuzi!
Na nikiwatupia kweli?

Eh. Hapo siku zote mnanyamaza. Haya, sogeeni. Mimi nishakaa, na goti langu mnalijua, nikimaliza mtaniinua. Leo sikuja kuchekesha. Mtacheka, nawajua, lakini mimi nitakuwa nimekasirika tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeona vibaya mlango ule pale.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na hospitali yao, alikuwako Sange. Mnamjua Sange? Hammjui. Hakuna anayemjua, na hilo ndilo jambo lenyewe. Ni mnyama mdogo, ukubwa wake wa panya, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza. Hupita majanini tuku, tuku, tuku, na kabla hujauliza ni nani yule, keshapita.

Bi Sange alikuwa daktari wa viungo, na kazi yake aliifanya kwa pua. Kiungo kinachouma huwa na joto, na pua ya Sange ililisikia joto hilo kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Baridi yabisi hukaza zaidi asubuhi, kwa hiyo asubuhi mapema Sange alikuwa wodini. Anaweka pua kwenye goti la kwanza, fu, fu, fu. Anaweka pua kwenye goti la pili, fu, fu, fu. Kisha anamtembeza mgonjwa hadi kisimani na kurudi, akihesabu ni hatua ngapi goti linagoma na ni hatua ya ngapi goti linakubali. Kisha anaandika. Goti kwa goti, mgonjwa kwa mgonjwa, miaka kumi na minne.

Mkuu wa wodi ya mifupa alikuwa Profesa Fisi.

Msinitazame hivyo. Sikumchagua mimi. Wanyama walikaa wakaulizana nani anaijua mifupa kuliko wote, wakajibiana kwa sauti moja kwamba hakuna anayeijua mifupa kama Fisi. Na kweli aliijua. Wakampa ufunguo wa wodi, wakampa na ufunguo wa stoo, wakamvisha koti jeupe, wakarudi makwao wameridhika kabisa.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mnyama akigundua jambo la tiba, aliliandika kwenye gome la mti akalipeleka kwenye Jabali la Majina. Hapo alikaa Bwana Kakakuona, mwenye makucha ya kuchonga mawe. Kakakuona alichonga jina la andiko na majina ya walioandika, na jina lililotangulia ndilo lililohesabiwa kuwa la mwenye kazi. Lakini kabla hajagusa jiwe, yule wa mbele alisimama mbele ya wanyama wote akaapa mara tatu kwamba andiko ni lake. Ndipo likasomwa. Na likishasomwa, mnyama yeyote, hata awe nani, alikuwa na haki ya kuinuka na kusema: nionyeshe ulichokiandika. Na mwenye andiko alipaswa kuonyesha, papo hapo.

Haki nzuri hiyo. Hakuna aliyewahi kuitumia. Wanyama walikwenda Jabalini kwa sababu baada ya kuchonga palikuwa na chakula. Msomaji akifika katikati, nusu yao wanakoroma, nusu wanaangalia sufuria.

Na ambaye jina lake lilitangulia kwenye maandiko mia, huyo alikuwa Bingwa Mkuu mpaka kufa kwake, na neno lake juu ya mguu wa mwenzake halikuwa na wa kulipinga. Hayo yashikeni, tutayahitaji.

Andiko lake la kwanza Sange alilipeleka kwa Fisi kwa heshima zote. Akamwamkia shikamoo. Fisi akaitikia marahaba, mwanangu, akalipima gome mkononi uzito wake, akamweleza kwa upole kwamba wanyama wakisikia jina la Sange mbele hakuna atakayekuja, ila wakisikia la profesa watajaa, kwa hiyo anamsaidia. Sange akaona ni sawa. Akashukuru. Jina lake likawa la pili. Sange akaandika, Fisi akatia jina, Kakakuona akachonga: ko, ko, ko.

Andiko la pili lilihusu vidole vya Nyani vilivyopinda. Jina la Sange likawa la nne, nyuma ya Mbweha, shemeji yake Fisi, na nyuma ya Tai, ambaye siku moja alipita juu ya paa la wodi akielekea kwingine. Sange akaandika, Fisi akatia jina, Kakakuona akachonga: ko, ko, ko.

La kumi lilihusu jongo la Ngiri, aliyekuwa analia usiku na mchana kwa kidole gumba cha mguu. Jina la Sange likageuka kuwa "na wenzake". La ishirini, hata hao wenzake hawakuwamo. Sange alikwenda kwa Kakakuona kulalamika, akajibiwa kwamba kazi ya Kakakuona ni kuchonga anacholetewa, si kuuliza kimetoka kwa nani, na pia atoke kwenye mwanga. Sange akaandika, Fisi akatia jina, Kakakuona akachonga: ko, ko, ko.

Nawauliza, mmewahi kupika chungu kizima, sahani ikapelekwa na mkono wa mwingine akasifiwa yeye, na ninyi mko jikoni macho mekundu kwa moshi? Basi mnamjua Sange. Nilisema hammjui, naona wengine mnamjua sana.

Sasa tufike kwenye andiko la sabini na mbili.

Walikuja wagonjwa arobaini wenye magoti yaliyovimba. Sange akawakanda kwa majani ya mbarika yaliyopashwa moto, akawafunga bendeji, akawatembeza kisimani kila asubuhi, kidogo kidogo. Miezi mitatu. Thelathini na nane wakasimama. Wawili hawakupona, na Sange akawaandika hao wawili pia, kwa sababu katika kuandika hakuwa mwongo. Andiko likasema: goti likivimba, kanda, funga, tembeza.

Siku ya Jabali, Sange amekaa nyuma kama kawaida, akasikia gome lake likisomwa na linasema kitu ambacho hakukiandika. Linasema waliopona kwa bendeji ni wawili. Linasema wasiopona ni thelathini na nane. Linasema, kwa hiyo, goti likivimba dawa yake ni shoka. Fisi kalamu hakuijua, lakini kufuta kwa ukucha aliweza, na kuhamisha namba hii hapa na ile pale na kukwaruza neno shoka ilikuwa kazi ya dakika moja.

Sange akainuka. Mdomo ukafunguka. Fisi akamwona, akateremka taratibu akitabasamu na huyu na yule, akafika, akainama sikioni pake.

"Kaa, mwanangu. La sabini na tatu jina lako litatangulia."

Sange akakaa.

Ndiyo. Akakaa. Msidhani nitamfunika kwa sababu ni mdogo na nampenda. Alikaa, na Kakakuona akachonga: ko, ko, ko.

Toka siku hiyo shoka likaingia wodini. Wa kwanza kukatwa alikuwa Mama Tohe, swala wa mabondeni, mama wa watoto watatu, aliyekuja na goti la mguu wa mbele ambalo Sange angelimaliza kabla ya mvua. Aliingia kwa miguu minne akatoka kwa mitatu na fimbo. Baada yake wakafuata wengine, mpaka wakatimia thelathini na saba. Miguu yao ikapelekwa stoo. Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Haya. Na kila alasiri, nyuma ya mlango wa stoo, ilisikika kacha, kacha, kacha. Wauguzi wakaambiana ni mchwa. Mchwa gani anayecheua?

Fisi akanenepa. Koti jeupe likaacha kufunga vifungo.

Na la sabini na tatu? Likatangulia jina la Fisi. La sabini na nne, la Fisi. La themanini, la Fisi. La tisini na tisa, la Fisi. Sange akaandika, Fisi akatia jina, Kakakuona akachonga. Hata ile ko, ko, ko nimechoka kuisema.

Likabaki moja.

Sange alikuwa na andiko moja ambalo alilificha miaka saba. Lilihusu ule mkazo wa asubuhi, namna unavyoanza, unavyokwenda, na namna ya kuutangulia kabla haujakula kiungo. Lilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote na alilijua hivyo. Fisi akalisikia kwa Mbweha. Akamwita Sange ofisini, akamwambia alilete kabla ya siku ya Jabali liwe la mia. Akamwambia pia, kwa kuwa anampenda kama mwanawe, kwamba akishakuwa Bingwa Mkuu amri yake ya kwanza itakuwa kuondoa bendeji wodini, wanapoteza muda, magoti yote yaliyovimba yakatwe, na Sange atapandishwa cheo awe msimamizi wa shoka. Sange akatoka.

Mlangoni akamkuta Mama Tohe ameegemea fimbo yake, anamsubiri.

"Bi Sange, goti linaniuma."

"Lipi, mama?"

"Lile walilolikata."

Sange hakucheka, maana kitu hicho kipo, mguu ukiondoka maumivu yake hubaki nyumbani. Akainua pua akaiweka pale goti lilipokuwa zamani. Fu, fu, fu. Hewa tupu. Mama Tohe akamwambia hataki kurudishiwa mguu, anajua hautashoneka. Anataka kujua umelazwa wapi, basi. Ni mguu aliokimbia nao moto wa nyika akiwa na mimba ya mwanawe wa mwisho, una ufa kwenye kwato, alijigonga kwenye jiwe la kisimani. Ameuliza kwa wauguzi, ameuliza kwa Mbweha, kila mmoja anamtuma kwa mwenzake.

"Wewe hunifichi," akasema. "Mguu wangu uko wapi?"

Sange alijua uko wapi. Ndipo hasira ikamwingia, ambayo ilikuwa imengoja nje miaka yote hiyo. Alimkasirikia Fisi, akamkasirikia Kakakuona na makucha yake yasiyouliza, akawakasirikia wanyama wanaokoroma. Na zaidi ya wote aliyakasirikia matako yake mwenyewe, yaliyokaa siku ile yalipoambiwa kaa. Alimwomba Mama Tohe jambo moja tu: siku ya Jabali asisinzie, na likisomwa neno stoo ainuke aulize swali lile lile, kama alivyoliuliza sasa hivi.

Akaenda kwake. Andiko la miaka saba akalifukia chini ya majani ya kiota. Akachukua gome jipya akaandika jingine, refu, zito, la kuchosha. Kila alipoona sentensi inaeleweka upesi aliirefusha.

Asubuhi akampelekea Fisi. Shikamoo, profesa. Marahaba, mwanangu. Fisi akaligeuza gome juu chini.

"Jina langu liko wapi?"

"Mwanzo kabisa."

"Na lako?"

"Halimo."

Hapo Fisi akasita. Hajawahi kuona Sange akijiondoa mwenyewe bila kusukumwa. Akamkazia jicho, akamtaka amsomee kidogo. Sange akasafisha koo akaanza: Uchunguzi wa Awali Kuhusu Uhifadhi wa Mifupa ya Wagonjwa Baada ya Kukatwa, Pamoja na Maoni Machache Juu ya Unyevunyevu wa Kuta za Ndani, Sehemu ya Kwanza, Utangulizi, Katika siku za karibuni kumekuwa na haja ya kutazama upya. Fisi akapiga mwayo, meno yote nje. Akasema inatosha, ni zuri sana, amelielewa. Akatia jina.

Angesoma mistari mitatu tu mbele! Lakini mtu aliyetia jina mara tisini na tisa bila kusoma atasoma la mia kwa sababu gani? Aliamini andiko ni jina tu, na kilichobaki ni gome la kulishikilia jina.

Siku ya Jabali ikafika. Jua kali, wanyama wamejaa, sufuria za Mbweha zinatokota pembeni. Waliokatwa walikuwa wamekaa mstari wa nyuma na fimbo zao. Fisi akapanda na koti lake lisilofunga, kavaa ufunguo wa stoo shingoni kwa utepe mwekundu. Kakakuona akauliza kama desturi ilivyo.

"Andiko hili ni la nani?"

"Langu."

"Ni la nani?"

"Langu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho."

"Kwa mara ya tatu, ni la nani?"

"Langu peke yangu," akasema Fisi, "na hakuna aliyenisaidia hata koma."

Wakapiga makofi. Kakakuona akaanza kusoma. Akasoma utangulizi, nusu wakasinzia. Akasoma unyevunyevu wa kuta, nusu iliyobaki ikageukia sufuria. Fisi mwenyewe macho yalikuwa yanamzunguka. Sange alisimama nyuma, safari hii hakukaa. Kakakuona akaendelea kusoma, sauti ile ile ya kuchosha:

"Mimi niliyetia jina langu mbele nimeitunza stoo mifupa yote thelathini na saba iliyokatwa wodini kwangu. Kila mmoja umefungwa na jina la mwenyewe. Hakuna uliopungua. Anayetaka kuuona wake aseme, nitamwonyesha."

Ngo, ngo, ngo. Fimbo ya Mama Tohe juu ya jiwe.

"Naomba niuone mguu wangu," akasema Mama Tohe.

Aliyesinzia akaamka. Fisi pia akaamka. Akacheka kidogo, akasema mama amechoka, apelekwe kivulini apewe uji. Mama Tohe hakuondoka. Akarudia, hakupandisha sauti: naomba niuone mguu wangu. Mstari wa nyuma fimbo zikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, mmoja akiinuka baada ya mwingine, na mimi wangu, na mimi wangu, mpaka wakasimama wote thelathini na saba.

Fisi akasema ufunguo umepotea. Kakakuona akamwonyesha shingoni. Fisi akasema leo stoo imepigwa dawa ya wadudu. Fisi akasema mifupa imelala, isiamshwe. Hapo hata Mbweha aliinamisha kichwa. Nyati, ambaye mguu wa mdogo wake ulikuwa mmoja wa ile, hakungoja desturi. Alikwenda akaupiga mlango wa stoo kwa pembe, pu, ukaanguka ndani.

Sitawaeleza yote yaliyokuwamo. Kulikuwa na kitu kidogo sana cha kueleza. Vipande, vumbi jeupe, harufu, na pembeni ukutani kwato moja yenye ufa, imetafunwa ukingo. Mama Tohe akaiokota akaipangusa, akaishika kifuani.

Fisi akaona pamekwisha, akafanya wanachofanya wakubwa wa namna yake. Akanyoosha kidole.

"Andiko si langu. Kaandika yule, Sange."

"Umeapa mara tatu," akasema Kakakuona.

"Naapa ya nne. Si langu. Ndiye anayeandika hapa, yote kaandika yeye. Mimi hiyo kalamu sijawahi hata kuishika."

"Yote?"

"Yote mia! Muulizeni!"

Kakakuona akakuna kichwa kwa ukucha. Alikuwa mzito wa kuelewa, lakini akishaelewa alikuwa hasahau. Akasema kwa hiyo mwenzetu umeapa uongo mara tatu kwa kila andiko, mbele ya jiwe langu, na umelisema kwa mdomo wako. Fisi akafungua mdomo ajibu, akakuta hana wa kumnong'onezea.

Waliokatwa hawakungoja hukumu. Fimbo thelathini na saba zilimshukia mgongoni, upande wa nyuma, maana wa mbele ulikuwa tayari unakimbia. Pa! Pa! Pa! Ndiyo maana hadi leo Fisi ukimtazama nyuma ameshuka, anakwenda amekaa upande. Na mnaosema anacheka porini, nendeni mkamsikilize vizuri.

Hapo ndipo wanyama wakamgeukia Sange. Wale wale waliokuwa wanakoroma. Wakambeba juu, wakamwita Bingwa Mkuu, mmoja akasema yeye siku zote alijua, mwingine akasema ndiye aliyemfundisha kuandika. Tai alishuka akauliza kama jina lake litabaki. Kakakuona akayafuta majina ya Fisi jiwe zima, akamwita Sange mbele. Akasema kwa ushahidi wa Fisi mwenyewe kazi zote ni za Sange, ila desturi ni desturi, lazima aulizwe moja moja.

"La kwanza ni la nani?"

"Langu," akasema Sange. Miaka kumi na minne alikuwa anangoja kulisema neno hilo. Ko, ko, ko.

"La pili?"

"Langu." Ko, ko, ko.

La kumi, langu. La ishirini, langu. La sabini, langu. La sabini na moja, langu. Wanyama wanapiga makofi kila mara, mikono imeanza kuwauma.

"La sabini na mbili ni la nani?"

Sange akainua pua.

Angeweza kusema si langu. Nani angembishia? Namba zilikuwa za Fisi, shoka la Fisi, meno ya Fisi. Angeliruka hilo moja akaendelea na sabini na tatu, na jioni hiyo angelala Bingwa Mkuu. Akatazama nyuma. Mama Tohe alikuwa anamwangalia, kwato kifuani.

"Langu," akasema Sange. "Nililiandika liponye. Likageuzwa. Nikalisikia likisomwa, nikainuka, nikaahidiwa jina, nikakaa. Miguu ile ilikatwa mimi nimekaa."

Makofi hayakuja. Kakakuona akamwuliza basi achonge nini hapo. Sange akamwambia. Kakakuona akamtazama, akamwuliza tena, akaambiwa lile lile. Akachonga, na siku hiyo hakuna aliyeangalia sufuria: SANGE, ALIYESIKIA AKAKAA. Ko, ko, ko.

Kiti cha Bingwa Mkuu hakukikalia. Alisema ameshakaa vya kutosha. Shoka akalitupa kwenye shimo la choo cha hospitali. Asubuhi yake alikuwa wodini mapema, na wa kwanza kuingia alikuwa Mama Tohe. Hakumwamkia. Hakumwambia nimekusamehe, na mkinisikia siku nyingine nasema alimwambia, jueni nimezeeka nimekuwa mwongo. Alisema tu goti linauma. Sange akaweka pua pale pasipo na kitu, fu, fu, fu, akasikiliza muda mrefu, akaandika.

Mnataka funzo? Mnalitaka siku zote, kana kwamba ngano ni duka. Haya, chukueni. Funzo la kwanza: ukiletewa karatasi utie sahihi, tia, usisome, kusoma kunachosha macho. Funzo la pili: kazi yako mpe mkubwa atangulize jina lake, yeye ana shughuli nyingi na wewe una nini? Na funzo la tatu, kubwa kuliko yote: ukisikia kacha, kacha, kacha nyuma ya mlango, sema ni mchwa. Kisha kaa. Kaeni tu, wanangu, kaeni vizuri, mkeka ni wenu.

Ngano yangu imekatikia hapa gotini. Aliyeipenda aibebe aende nayo hata kwa kuchechemea, na asiyeipenda aniachie, nitaitafuna mwenyewe.

Haya, nipeni mikono. Niinueni.